Picha kwanza, jina mwisho: tunavyotengeneza vibao vya alumini

Wiki iliyopita alikuja mzee kutoka Ujiji, kwapani kabeba kipande cha alumini alichokatiwa na fundi madirisha. Anataka picha ya marehemu kaka yake, na chini yake jina na miaka. Nikamwamkia, nikakigeuzageuza kile kipande, nikamwambia, "Mzee wangu, hiki hakitashika picha." Akanitazama kama nataka kumpandishia bei. "Kijana, alumini si alumini?"

Swali hilo hapa dukani Mwanga, Kigoma, tunaulizwa sana, basi acha tulijibu kwa kirefu.

Wino wa sablimesheni, ndio tunaoprintia picha, haukai juu ya chuma. Tunaprinti picha kwenye karatasi ikiwa imegeuzwa, kushoto kuwe kulia, tunailaza karatasi kifudifudi juu ya bamba na kuibana kwa gundi ya joto, kisha mashine inaminya kwa nyuzi 200 za Selsiasi hivi, kama dakika moja. Kwenye joto hilo wino unageuka mvuke moja kwa moja, haupitii hali ya maji, na mvuke huo unaingia ndani ya tabaka la poliesta, aina ya plastiki, lililopakwa juu ya bamba. Likipoa, rangi imenaswa humo; ukikwangua kwa ukucha haitoki. Alumini tupu haina pa kuupokea mvuke. Utapata kivuli cha uso, ukipitisha kitambaa kinaondoka nacho. Ndiyo maana tunatumia mabamba yaliyopakwa kiwandani, yanayokuja na nailoni nyembamba ya kinga. Nailoni hiyo hubanduliwa kabla ya kuminya. Nasema hivyo kwa uchungu: siku moja tuliisahau, ikayeyukia juu ya picha ya bibi harusi.

Sasa leza, mashine inayoandika jina kwa mwanga mkali. Yetu ni ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na mwanga wake alumini tupu inaurudisha kama kioo, ila poliesta inaunyonya na kuungua. Kwa hiyo, ingawa wote tunasema "kuchonga", chuma hakiguswi. Leza inaondoa tabaka, herufi kwa herufi, mpaka alumini iliyo chini itokeze. Ule mng'ao wa fedha unaouona kwenye jina si rangi, ni bamba lenyewe.

Hapo ndipo kazi hizi mbili zinapohitajiana. Printa yetu haina wino mweupe. Weupe wa meno au wa kanzu kwenye picha ni weupe wa lile tabaka lililopakwa juu ya bamba. Ukichonga jina mahali peupe, fedha juu ya nyeupe, ukirudi hatua tatu huoni kitu. Tunachofanya ni kuprinti ukanda mweusi au wa bluu iliyokoza chini ya picha, kisha leza inapita juu ya ukanda huo. Herufi zinatoka kali, unazisoma ukiwa mlangoni. Wateja wengine wanaukataa ukanda, wanasema unafanana na tangazo la kampeni. Sawa, lakini basi jina nalo tutaliprinti tu, leza ya nini?

Na kwa nini jina lisianze? Tulijaribu. Pale tabaka lilipoondoka rangi haishiki, na kingo zilizoungua zikainywa vibaya, kila herufi ikapata doa kama la chai. Halafu kuna joto. Bamba la sentimita 30 likifika nyuzi 200 linarefuka zaidi kidogo ya milimita moja, likipoa linarudi, na karatasi nayo inanywea kivyake. Kulenga herufi kwenye picha unayoiona ni rahisi. Kulenga picha kwenye herufi zilizofunikwa na karatasi ni kubahatisha. Kwa sababu hiyo hiyo usituombe mstari wa leza ufuate ukingo wa uso wa mtu. Milimita moja kwenye pua inaonekana.

Leza kuwa ya mwisho kuna gharama yake: haina kufuta. Kosa la picha tunaliona kwenye karatasi, tunatupa karatasi. Kosa la jina linatupa bamba zima pamoja na picha iliyokwisha kupendeza. Tuliwahi kupokea jina la mwalimu anayestaafu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Tukasikia Zuberi, kumbe yeye anaandika Zubery. Tangu siku hiyo hatuchongi mpaka mteja aandike mwenyewe na kusema ndiyo. Ukiona tunakuuliza mara ya tatu, tuvumilie.

Masika nayo yana mambo yake. Karatasi inanyonya unyevu, na unyevu huo ukigeuka mvuke chini ya mashine unatawanya wino na kuacha madoa. Tunaikausha karatasi kwanza, na bamba pia. Kwa hiyo mahafali yakiwa Jumamosi, usije Ijumaa jioni.

Lakini la mzee wa Ujiji lilikuwa kubwa zaidi, maana alitaka kukiweka kibao makaburini. Hilo nilimkatalia, ingawa lilikuwa na pesa. Rangi za sablimesheni haziliwezi jua. Sebuleni, mbali na dirisha, picha inakaa miaka. Nje inaanza kupauka, na uso wa mtu ukipauka unaumiza kuliko kutokuwepo. Ule ukanda mweusi nao unapauka, herufi zinabaki lakini hazisomeki tena vizuri. Kwa kaburini nilimwelekeza kwa mafundi wa marumaru, wachimbe jina kwenye jiwe.

Alikaa kimya, akatoa picha kwenye bahasha, ndogo, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa. Tukakubaliana bamba la sebuleni, ukanda wa bluu. Jina akaliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, polepole, akalirudia chini yake ili nisikosee. Kile kipande cha dirisha akakichukua, akasema atamrudishia fundi wake, na fundi akikataa, mkewe atakifanya mfuniko wa ndoo ya mawese.