Deni liandike, usilifiche kwenye fomu ya upekuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaojaza fomu za upekuzi, yaani za kuchunguza mwenendo wa mtu kabla ya kumwajiri, ziwe za utumishi wa umma, za benki au za kampuni za ulinzi. Wakifika kwenye maswali ya kazi zilizopita na madeni, kalamu inasita. Aliyeachishwa kazi mwaka 2020 anarefusha tarehe za kazi nyingine ili pengo lizibe. Mwenye mkopo uliolala anaandika "sina" na kutia saini. Hapo ndipo anapojikata, maana deni lenyewe mara nyingi lisingemkosesha kitu.

Tarehe za kubuni hazidumu. Taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuchangia na aliacha lini. Mwajiri wa zamani anapigiwa simu, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaulizwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yenyewe huonya kwamba taarifa za kughushi zitampeleka mtu kwenye mkono wa sheria.

Kuhusu kazi, tumia neno lililomo kwenye barua yako. Kupunguzwa kazini si kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu, na mkataba kuisha si kuacha kazi. Kama uliandika barua ya kuacha baada ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, yataje yote mawili kwa sentensi moja: "Niliacha kazi Machi 2021 baada ya kuitwa kujibu upungufu wa fedha kaunta." Mistari mitatu ya kumlaumu bosi haikusaidii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kama hukupewa, kakidai kabla ya kujaza fomu. Shauri lililofika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kuisha kwa makubaliano, ambatisha nakala ya makubaliano hayo.

Madeni yanahitaji kazi zaidi. Kwanza omba ripoti yako ya mikopo kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu hizo, Creditinfo au Dun & Bradstreet, uone unavyosomeka. Mkopo wa benki uliopitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa chechefu, hata kama meneja wa tawi bado anakusalimia vizuri. Ukikuta deni ulilokwisha kulipa bado lipo, anza na aliyekukopesha, kwa kuwa ndiye anayepeleka taarifa. Mwombe barua ya kumaliza deni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nao ni deni: mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kuuficha ni kazi bure. Mikopo ya simu pia, hata ile ya elfu ishirini. Kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kubwa, na kikoba huenda visionekane kwenye ripoti yoyote, lakini wadai wake hupiga hodi mchana kweupe, na jirani anayeulizwa habari zako anawajua kwa majina.

Kila deni liandikwe hivi: nani anadai, tangu lini, kiasi cha mwanzo, salio, lilikwama kwa sababu gani, unalipaje. Kwa mfano: "Benki, Septemba 2022, shilingi milioni 3, salio milioni 1.2, lilikwama nilipopunguzwa kazini, nalipa laki moja kila tarehe 5." Ambatisha risiti. Risiti sita mfululizo zina uzito kuliko ahadi ya ukurasa mzima. Kosa baya kuliko yote ni kukopa kausha damu wiki moja kabla ya usaili ili kufuta deni la benki. Huko ni kuhamisha jipu kutoka mguuni kwenda shingoni.

Anayekupekua anataka kujua kama kuna mtu anayeweza kukubana kwa jambo ambalo mwajiri halijui. Mshika funguo za stoo mwenye deni la siri anabanika. Marekani, fomu yao ya SF-86 kwa wanaoomba kibali cha kushika siri za serikali huuliza waziwazi kuhusu kufukuzwa kazi ndani ya miaka 7 na madeni yaliyochelewa zaidi ya siku 120. Kwao deni lililotokana na kupoteza kazi au ugonjwa, na linalolipwa, halimwangushi mtu kwa lenyewe. Kudanganya kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni jinai, kifungo hadi miaka 5.

Nanyi waajiri mna sehemu yenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu. Fomu yenye madeni ya mtu haikai wazi juu ya meza ya mapokezi, wala haipigwi picha na kurushwa kwenye grupu la ofisi. Mwombaji akiona ya mwenzake imelala pale, na yeye ataandika "sina".

Afisa utumishi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam