Mikono yako, Jumapili

Mwanangu,

Dada yako ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe baada ya kumsikia akinong'ona na simu. Anasema Jumapili mnarudiana na timu ile, refa ni yule yule, na wenzako wameapa kwamba akiwanyima haki tena hatatoka uwanjani na filimbi yake. Anasema nawe ulikuwepo wakiapa. Nikamuuliza, nahodha alisemaje? Akanyamaza. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa vipande.

Mechi ya kwanza umenisimulia mara tatu, siirudii. Kwa lile goli lenu alilolikataa akisema mmeotea, niko upande wako. Mpira ukitoka moja kwa moja kwenye mrusho hakuna kuotea, kama ilivyo kwa kona na goli kiki. Imeandikwa kwenye sheria ya 11, na aliyepuliza pale hakukosa macho, alikosa kusoma. Ile penalti ndiyo siijui. Unasema beki aliushika, lakini ulikuwa ng'ambo ya boksi, umesema mwenyewe, na tangu utotoni mpira ukimgusa mtu juu ya kiuno kwako huwa ni mkono.

Haya, sikia neno langu: usimguse. Hata bega. Hata kumvuta mkono wa jezi eti umwonyeshe mahali. Ukimgusa tu, habari ya mrusho imekwisha, inabaki habari yako.

Mdomo unao, utumie. Mbele ya sheria nahodha hana upendeleo wowote, ila anabeba sehemu ya dhamana ya tabia za wenzake. Na kuna jambo ambalo wengi wenu hamlijui: mchezo ukishaanza tena, refa hana ruhusa ya kurudi nyuma kubadili uamuzi wa namna mpira ulivyoanzishwa, hata akigundua amekosea. Kwa hiyo nafasi yako ni zile sekunde chache kabla wapinzani hawajapiga ile faulo. Nenda peke yako, mikono nyuma, umwambie, "Refa, ule ulitoka kwenye mrusho." Basi. Ninyi mlimwendea tisa. Mtu akizungukwa na watu tisa hatafuti ukweli, anatafuta upenyo.

Halafu jiweke mahali pake. Ili aamue kuotea inabidi awe sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, kipa akihesabiwa, na papo hapo aone mguu wa anayetoa pasi. Refa wenu yuko katikati peke yake, na mapafu ya mtu aliyefanya kazi siku sita. Anabahatisha. Anafuata mikono ya mabeki waliyoinua na kelele za walio pembeni. Mwaka 1986 kwenye Kombe la Dunia Maradona aliwafunga Uingereza kwa mkono, refa Ali Bennaceur wa Tunisia yuko pale, ana washika vibendera wawili, na goli likakubaliwa. Siku hizi wakubwa wana picha za marudio. Ninyi mna saa ya mkononi na wachezaji wawili wa akiba waliopewa vibendera.

Hao wa vibendera ndio wa kuwachunga. Najua kwa sababu nimekishika.

Niliinua kabla sijaona. Beki wetu alikuwa karibu na goli kuliko yule kijana wao kwa hatua nzima, na nilitambua hivyo mkono ukiwa umeshapanda. Ningeushusha. Refa alinitazama, akaniamini, nami nikabaki nimesimama wima kama shahidi. Tukashinda. Baada ya mechi hawakunizunguka mimi. Jezi ya refa ilichanika begani. Hakurudi Jumapili nyingine yoyote, na msimu uliobaki tulichezeshwa na yeyote aliyekubali kukimbia. Lakini sikuandiki kwa ajili ya hayo. Nilitaka kusema tu kwamba kabla ya mechi, wewe na nahodha mwenzako mmwendee refa pamoja, mmwombe washika vibendera waonyeshe mpira uliotoka nje tu, kuotea aamue mwenyewe. Akikosea, angalau amekosea kwa macho yake.

Sisemi wote ni waadilifu. Wapo wanaobeba timu kwa mbeleko, na mchangani ni rahisi zaidi, maana mara nyingi refa ameletwa na wenyeji, kocha wao ndiye rafiki yake, na jioni watakaa naye. Kama huyu ni wa namna hiyo, ukimpiga umemwokoa. Atakwenda kwenye kamati na jino lililovunjika, nani atamuuliza habari za mbeleko? Andikeni. Dakika, tukio, nani alikuwa karibu. Mkaseme mnataka refa kutoka timu ya tatu. Na kama malalamiko yenu ni juu ya sheria, kama lile la mrusho, yawekeni mbele, kwa sababu yale ya "alishika, hakushika" refa ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kamati itawasikiliza, itatikisa kichwa, halafu itafunga daftari.

Utasema mzee anaogopa. Ndiyo, naogopa. Hasira yako naifahamu ilikotoka, na si kwa mama yako.

Juzi nilisimama pembeni ya uwanja wa huku, watu wawili nisiowajua wakawa wanakuzungumzia. Mmoja akasema nahodha wenu anaona pasi kabla mwenyewe hajaipokea. Nikajifanya sikusikia vizuri, nikamuuliza amesema nini, ili arudie. Akarudia. Sikumwambia ni mwanangu, maana sikutaka aniulize juu ya ile kadi nyekundu.

Ila nahodha kunyamaza wenzake wakiapa upuuzi, hapo umeniangusha. Waambie kabla ya Jumapili. Usingoje uwanjani, huko damu huwa imeshachemka na hakuna anayemsikia mwenzake. Anayeona hawezi, akae benchi, hata awe mfungaji wenu.

Nyumbani tuko salama. Bomba la uani bado linavuja, nimelifunga kwa mpira wa tairi, linakusubiri. Mama yako miwani yake imepasuka kioo kimoja, anasema aliyoona inatosha, lakini anatia uzi kwenye sindano kwa kukisia. Viatu vyako vya zamani vya njumu mdogo wako amevichukua, anajaza karatasi vidoleni ndipo vinamkaa. Nimemruhusu. Kama ulikuwa unavitaka, umechelewa.

Halafu mama yako amesafisha ile droo ya chini, amekuta filimbi. Akaniuliza ya nani. Nikamwambia niliiokota, na ni kweli niliiokota. Mdogo wako anaililia, nimemkatalia. Nimeirudisha nilipokuwa nimeiweka. Ukija, nikumbushe nikuonyeshe, na usiniulize mbele ya mama yako.

Jumapili simu yangu itakuwa mkononi tangu mechi inapoanza. Nipigie kabla hujavua viatu. Niambie kwanza kuhusu mikono yako, matokeo nitayauliza baadaye. Na ukikuta simu inatumika, jua ni dada yako kanitangulia, wewe piga tena.

Baba yako