Barua kwa Mama, Ngamiani

Munich, Ujerumani

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku ni ya kuumiza mifupa. Nasikia jirani yetu anataka nimtazamie nyota ya bintiye kabla ya posa. Msalimie, umwambie mimi na posa hatujuani.

Uliniuliza hasa nafanya nini katika utafiti wangu wa anga. Ipo galaksi iitwayo B0218+357, yenye shimo jeusi linalorusha miale ya gama, yaani mwanga wenye nguvu mno usioonekana kwa macho, upande wetu. Mwanga wake husafiri miaka bilioni 7 hivi, na njiani hukuta galaksi nyingine ambayo uzito wake huupinda, ukaja kwetu kwa njia mbili, moja ndefu kuliko nyingine. Basi mwako mmoja tunaupata mara mbili, wa pili ukichelewa siku 11 na ushei. Julai 2014 setilaiti ya Fermi iliuona ule wa kwanza. Darubini za gama za MAGIC, kisiwani La Palma, Hispania, zilizuiwa na mbalamwezi, lakini wanasayansi wake walishapiga hesabu. Tarehe 25 na 26 wakaunasa mwangwi wake. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii.

Sasa, mwangwi hauji na nguvu ileile kila mara, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wanasayansi wanashuku nyota mojamoja za ile galaksi ya katikati, maana nazo huupinda mwanga. Unakumbuka Raskazone, maji yakiwa ya magoti, mistari ya mwanga inavyocheza juu ya mchanga? Kauri moja humeta ghafla mstari ukiipitia. Ngalawa iliyozama haimeti, maana mistari mingi huwa juu yake kwa pamoja. Ndivyo nyota zinavyofanya: chanzo cha mwanga kikimeta hivyo, basi ni kidogo. Mwaka 2015 watafiti walitumia njia hii kwa PKS 1830-211, galaksi nyingine ya aina hiyo, wakasema miale ya gama hutoka jirani kabisa na shimo jeusi. Darubini za gama haziwezi hata kuzitenganisha taswira mbili za zile njia mbili!

Profesa wangu ameridhika na maelezo hayo ya nyota. Mimi bado. Miako yenyewe hubadilika ndani ya saa chache, hata bila kupindwa na nyota, na iliyopimwa vizuri ni michache mno. Tunabishana kila wiki, kwa adabu.

Ada ya mdogo wangu nimetuma. Baba aulizie kwa wakala. Na akipita Mgandini, aninunulie dagaa wakavu, kuna mtu anakuja huku mwezi ujao.

Wasalimie wote.

Mwanao