Kabla hujaitia mkasi leso

Mwanangu,

Nimeuona mchoro wa joho lako la leso, lenye mfuko wa tanga kuukuu. Lishone. Wa barazani watasema, lakini hapa Lamu hata kiatu kipya husemwa. Linalonitia wasiwasi ni mkasi wako.

Nunua doti moja, yaani leso mbili zilizoungana. Iroweke usiku kucha kwenye maji ya kisima kisicho na chumvi, wanga utoke, kisha ifue na kuianika kivulini. Leso hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Ukiikata ikiwa mpya, joho litarudi mwilini mwako. Nyekundu na nyeusi zijaribu kwa kitambaa cheupe kilicholowa: kandamiza, tazama. Kikichukua rangi, fua tena.

Leso moja huwa kama sentimita 150 kwa 110, lakini ipime upya baada ya kukauka, kwani pindo mara nyingi huchapwa limekwenda upande. Fuata uzi wa kitambaa, usifuate mstari wa pindo, la sivyo joho litaning'inia mshazari na hutajua kwa nini.

Kosa kubwa ni kuikunja doti nzima mabegani ili mbele na nyuma viwe kipande kimoja. Jina, yale maneno ya leso, la upande mmoja litasimama kichwa chini. Weka mshono begani.

Leso ya kwanza: katikati kata sentimita 70, jina likiwa zima. Hiyo ndiyo badani ya nyuma. Zinabaki sentimita kama 40 kila upande. Kila baki lipunguze juu na chini, libaki sentimita 56 za katikati, nawe una mikono miwili ambayo pindo limejizungushia viganjani lenyewe.

Leso ya pili: kata sentimita 38 kutoka kila ncha. Itandaze ulisome jina, kisha kilichotoka kushoto kikae kushoto mwako uvaapo. Ukivibadilisha, pindo litajificha kwapani badala ya kuteremka kifuani. Kipande cha katikati kina jina lake zima, kifanyie mkoba.

Acha sentimita 1.5 za mshono. Shona mabega kwanza, ukiacha 18 za shingo. Mikono ishone ikiwa bado imetandazwa, ndipo ufunge ubavu na mkono kwa mshono mmoja. Kwapani tia kikwapa cha 10 kwa 10, kama cha kanzu. Bila hicho, ukinyanyua mkono kuteremka mashuani, leso itachanika papo hapo, kando ya mshono.

Mfuko wa tanga kuukuu ni wazo zuri kuliko yote. Choma uzi wake mmoja: ukinuka karatasi na kuacha jivu, ni pamba, ukiyeyuka ukawa kishanga, ni plastiki, na pasi ya moto itauharibu. Tanga limejaa chumvi. Liroweke, ubadilishe maji mpaka ukiyaonja hayana ladha, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu na mfuko hautakauka sawasawa. Sindano namba 16 kwa tanga, 11 au 12 kwa leso. Nene ikipita kwenye leso huacha matundu. Nyuma ya mfuko tia kiraka cha leso, kwa sababu tanga ni zito na litaivuta.

Jina je? Lisome kwa jicho la jirani. Fumbo la kusuta likikaa mgongoni, kila anayekufuata njiani atadhani anaambiwa yeye. Maneno madogo kama K.H.E. Mali ya Abdulla ni alama ya mfanyabiashara aliyeitoa leso, si jina lake. Hayo hata ukiyakata hakuna neno.

Ndani vaa rangi moja, na kilemba chenye maua kiache nyumbani. Joho hilo linatosha kutazamwa.

Na pini zitoe usiku huo huo. Upepo wa pwani huzitia kutu, na doa lake kwenye leso nyeupe halina dawa ya sabuni.

Mamako