Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Usalama wa Boti na Maji Katika Ghuba Yetu, Kigoma

Ndugu wanachama,

Kamati inawaletea taarifa hii kabla ya Mkutano Mkuu ili kila mwenye boti, nahodha wake na kila kaya iliyo ufukweni aisome mapema na kuja na hoja zake. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mweka hazina, kwa hiyo hapa hayarudiwi. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu kanuni za majini, kwa kuwa kanuni tulizonazo ziliandikwa kwa ajili ya ufukwe ambao leo uko chini ya maji. Kamati inaomba mzipitishe upya zikiwa na mabadiliko yanayoelezwa hapa.

Ufukwe ulipohamia

Kuanzia 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kumeza gati, kuta, mashamba na nyumba, huku kwetu na hata Bujumbura, na mwaka 2024 hali ilikuwa mbaya tena. Mito inayoingia ziwani ni mingi, Malagarasi na Rusizi ikiwa mikubwa kati yake, lakini unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengine huondoka kwa mvuke wa jua. Ndiyo maana mvua kubwa ikijaza ziwa, ufukwe haurudi ulipokuwa kwa msimu mmoja, na anayesubiri mpaka wake wa zamani ujitokeze asifanye mipango ya boti kwa kuutegemea.

Kwa mwendesha boti, hatari ni kile kilichobaki chini: visiki vya miembe, nguzo za uzio, ngazi za saruji, misingi ya vibanda. Maji yakiwa juu unapita salama. Yakishuka nusu mita, kisiki kilekile kinavunja propela au kinatoboa ubao wa chini. Kwa kawaida ziwa huwa juu kabisa mwishoni mwa masika, mwezi wa 5 hivi, na chini kabisa mwezi wa 10 au wa 11 kabla mvua hazijakolea. Kwa hiyo kazi ya kuweka alama haifanywi mara moja ikaisha. Inafanywa mara mbili kwa mwaka, na ile ya mwezi wa 10 ndiyo isiyoahirishwa.

Namna ya kuifanya: watu wawili kwenye mtumbwi wa kasia, bila injini, wakiwa na mti wa mita 3 uliochorwa alama kila nusu mita. Wapite sambamba na ufukwe wakipima. Chochote kilicho chini ya uso wa maji kwa mita 1.5 au pungufu kiwekewe dumu la lita 20 lililofungwa vizuri na kupakwa rangi nyekundu. Tusitumie madumu ya njano yasiyopakwa rangi, maana wavuvi huyatumia kwenye nyavu na nahodha atadhani ni wavu. Kamba iwe mara moja na nusu ya kina, isizidi. Ikiwa ndefu mno dumu linatangatanga na kuonyesha hatari mahali ambapo haipo. Uzito wa chini uwe jiwe la kilo 15 au zaidi, au ndoo iliyomwagiwa zege. Mfuko wa mchanga huchanika na dumu huondoka na wimbi.

Ndani ya mita 100 kutoka ufukweni boti zote ziende polepole kiasi cha kutoinua wimbi nyuma. Wimbi la boti hubomoa kingo ambazo tayari zimelainika, huwaangusha watoto wanaooga, na hujaza maji mtumbwi uliopakia mpaka karibu na ukingo. Nahodha ageuke atazame nyuma: akiona povu jeupe linamfuata, amezidisha.

Jaketi okozi huvaliwa

Hili ndilo badiliko kubwa tunaloliomba. Kanuni ya sasa inasema kila boti iwe na majaketi ya kutosha. Mpya inasema kila mtu avae lake, limefungwa, tangu anapokanyaga boti hadi anaposhuka, nahodha akiwa wa kwanza. Jaketi lililo chini ya benchi haliokoi mtu. Boti ikipinduka linabaki limebanwa ndani yake, na hata ukilipata, kulivaa na kulifunga ukiwa majini kwenye mawimbi ni kazi ambayo waogeleaji hodari huishindwa.

Soma kibandiko cha ndani kabla ya kununua. Namba 50 ni ya msaada kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na ufukwe. Namba 100 ni kiwango cha chini tunachokubali kwa abiria wa kawaida, nayo huinua takribani kilo 10. Anayetoka nje ya ghuba avae 150. La mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvishe, lifunge, kisha livute juu mabegani: likimfika masikioni, litamvuka kichwa akiingia majini.

Majaketi yetu mengi yanaharibika kwa sababu moja, nayo ni kukaliwa. Sponji ya ndani ikigandamizwa miezi mingi haiumuki tena. Kila mwaka funga jaketi la namba 100 kwenye chuma cha kilo 8, lilaze majini saa 24. Likizama, litupwe, na lichanwe kabisa ili mtu mwingine asiliokote. Kipimo hiki ni cha nyumbani, hakichukui nafasi ya ukaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Mbali na majaketi, kila boti iwe na boya la kurusha lenye kamba inayoelea ya mita 20, makasia mawili, kopo la kufutia maji, firimbi, tochi, na simu iliyotiwa kwenye mfuko usiopitisha maji.

Injini, mafuta na ubao

Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi au kwenye jaketi la nahodha kila injini inapowaka. Nahodha akitupwa nje na injini ikaendelea, usukani hujipinda na boti huzunguka, ikimrudia yeye na propela yake. Kamba hiyo ni ya bei ndogo na wengi tunaiacha ikining'inia kwenye injini, jambo ambalo kamati haitalivumilia kwenye ukaguzi.

Kwa injini za mizunguko miwili zinazochanganyiwa oili, fuata kitabu cha injini yako. Nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, na injini mpya mara nyingi huanza na 25 kwa 1. Oili ikipungua pistoni hushika. Ikizidi plagi huchafuka na injini hukufia katikati ya maji. Changanya nchi kavu, dumu likiwa chini ardhini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja hutosha. Baada ya kujaza, fungua, acha hewa ipite dakika 5, nusa, ndipo uwashe.

Uso wa ziwa letu uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, na injini hupoteza asilimia kama 7 au 8 ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Anayepakia kwa kufuata jedwali la muuzaji wa pwani ya bahari ajue hilo.

Tazama maji ya kupooza yanayotoka pembeni mwa injini kila unapowasha. Yakitoka kama uzi mwembamba au yakikatika, zima. Ama mfuko wa plastiki umeziba njia ya kuingilia, ama impela, yaani feni ndogo inayosukuma maji hayo, imelika. Tope na mchanga wa maeneo yaliyofunikwa na maji huimaliza impela haraka, kwa hiyo inyanyue injini mapema ukikaribia ufukwe na uingie kwa kasia.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na boti nyingi zilikaa juu mchangani kiangazi kizima. Boti ya mbao iliyokaa hivyo hukauka, na viungo hufunguka. Kabla ya kuirudisha kazini, kagua kalafati yote, yaani pamba inayoziba viungo vya mbao, ondoa pamba iliyooza na upigilie mpya, badilisha misumari iliyoliwa na kutu, kisha iache kwenye maji ya magotini siku mbili mbao zivimbe. Ikiendelea kuvuja baada ya hapo, tatizo ni kalafati wala si ukavu. Maji ndani ya ngama si uzito tu. Boti ikilala upande mmoja nayo hukimbilia upande huohuo, na hapo ndipo hupinduka.

Kusi na kina

Kuanzia mwezi wa 5 hadi wa 9 kusi hupiga kwenye ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, bila kitu cha kulizuia njiani. Mara nyingi alfajiri maji hutulia na upepo hukaza kadiri jua linavyopanda. Pendekezo la kamati ni kwamba katika miezi hiyo boti ya chini ya mita 7 isitoke nje ya ghuba bila kusikiliza kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na iwe imerudi ndani kabla ya saa 5 asubuhi.

Safari ya kaskazini, tuseme Gombe, ambako ni kama kilomita 16 kutoka mjini, hudanganya. Unakwenda na upepo mgongoni, boti nyepesi, mafuta yanapungua kidogo. Kurudi unaupokea usoni. Desturi ya kugawa mafuta mafungu matatu, moja la kwenda, moja la kurudi na moja la akiba, inafaa siku tulivu. Wakati wa kusi, kadiria kwanza mafuta ya kurudi, na uyaongezee nusu yake.

Injini ikizimika nje, nanga haitakusaidia. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, na sehemu nyingi za upande wetu sakafu huporomoka ghafla hatua chache kutoka kwenye miamba. Kamba ya mita 50 itaning'inia tu, nawe utasukumwa kaskazini. Fanya nanga ya kuelea: ndoo imara au turubai lililofungwa pembe nne, kwenye kamba ya mita 20 au zaidi, ikitolewa omo, yaani mbele ya boti. Itavuta omo kuelekea upepo, na boti haitapigwa ubavuni. Waketishe watu wote chini sakafuni, futeni maji kwa zamu, pigeni simu 112 au 114 mtandao ukingalipo. Boti ikipinduka, kaeni nayo. Ya mbao huelea, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa chini ya mabenchi huongeza kilo karibu 20 za kuelea kila moja.

Masika hatari ni radi na upepo wa ghafla. Kati ya umeme na ngurumo zikipita sekunde chini ya 30, uko ndani ya kilomita 10. Elekea nchi kavu, na usitoke tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Usiku

Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa hutapakaa na taa zake. Mwanga ule hukuonyesha walipo na wakati huohuo hukupofusha usione mtumbwi usio na taa ulio kando yao. Pita mbali, angalau mita 100, upande ambao hakuna wavu. Boti yetu iwe na taa nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Ndogo ya chini ya mita 7 isiyozidi noti 7 inaweza kutumia nyeupe moja inayoonekana pande zote. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja aelekee kulia kwake. Mkikatishana, mwenye kumwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Meli za bandarini haziwezi kusimama ghafla, basi usikatishe mbele yake hata kama sheria iko upande wako.

Mtu akitolewa majini

Bado kuna wanaomlaza mtu kifudifudi na kumkandamiza tumbo, au kumning'iniza miguu juu. Acheni kabisa. Maji mengi yanayotoka hivyo ni ya tumboni, nayo huingia kwenye njia ya hewa, na dakika za thamani zinapotea. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu. Kama hapumui, mpulizie pumzi 5 mdomoni huku umemziba pua, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Endelea, pokezaneni, hadi apumue au msaada ufike. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mapafu huweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Kamba yenye boya itangulie kila mara kabla ya mtu kujitosa kuokoa. Kwa nahodha: mtu akianguka, geuza omo upande aliko ili propela imkimbie, zunguka, mrudie ukiukabili upepo, na zima injini kabla hajagusa boti.

Mengineyo

Viboko na mamba wapo ziwani. Akionekana, mjumbe wa ufukwe husika apewe taarifa siku hiyohiyo na kuoga kusimamishwe hapo. Aliyekunywa pombe hashiki usukani, na abiria wana haki ya kushuka.

Ukaguzi wa boti za wanachama utaanza Jumamosi ya kwanza baada ya Mkutano Mkuu, saa 1 asubuhi. Kila boti ije ikiwa tupu, ngama imefutwa, majaketi yote yametandazwa juu, kamba ya kuzimia injini ipo, na cheti cha TASAC mkononi. Boti itakayokosa kimoja itapewa siku 14 kurekebisha, na haitapakia abiria hadi ikaguliwe upya.