Barua kwa Mwanangu Anayesafiri kwa Meli ya Mizigo

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza utaishi vipi melini kutoka Mombasa hadi Durban. Kwanza ujue kwamba utakuwa mgeni kwenye kazi za watu. Meli ya mizigo haibebi abiria zaidi ya 12, na hakuna aliyeajiriwa kukuhudumia. Kwa kawaida ofisa wa tatu hushika zamu ya saa mbili hadi saa sita, wa pili saa sita hadi saa kumi, ofisa mkuu saa kumi hadi saa mbili, usiku kama mchana. Saa yoyote utakayopita ujiani, nyuma ya mlango fulani kuna mtu amelala. Tembea kimya.

Milango ya nje ni ya chuma nzito. Meli ikiinama, mlango hujibamiza wenyewe na kukata vidole. Shika mpini, usishike fremu kamwe. Ukitaka ubaki wazi, tia ndoano. Vizingiti vimeinuliwa kuzuia maji, kwa hiyo nyanyua mguu. Kwenye ngazi, mkono mmoja ubaki kwenye reli hata bahari ikiwa shwari.

Usidhani umezoea mawimbi kwa kuwa umevuka ziwa hadi Mbita. Ya ziwani ni mafupi, yanagongagonga. Ya baharini ni marefu, yanainua chombo kizima taratibu na kukilaza, usiku na mchana. Kichefuchefu hutokana na macho kuona kuta zimetulia huku sikio la ndani likihisi mwendo. Meza kidonge saa moja kabla ya meli kuondoka, maana ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Vyumba viko juu, na huko ndiko mtikisiko unakozidi. Ukilemewa, shuka sitaha ya chini, toka nje ukatazame upeo wa bahari. Usisome. Tafuna biskuti kavu, kwani tumbo tupu huzidisha hali, na unywe maji kidogo kidogo. Usiku, sokota blanketi ulitie chini ya ukingo wa nje wa godoro ili ujibane na ukuta, usibingirike.

Mkikaribia Durban mtaingia mkondo wa Agulhas, unaokwenda kusini-magharibi. Upepo ukivuma kutoka huko huko, hupambana nao na mawimbi husimama wima. Utaona kitambaa cha meza kikiloweshwa ili sahani zisiteleze. Nahodha akifunga sitaha, usitoke hata kupiga picha moja.

Chakula huja kwa saa zake, ukichelewa umekosa. Wali utaupata, ugali usiutegemee. Maji ya kuoga hutengenezwa kutoka maji ya bahari kwa joto la injini, na bandarini kazi hiyo husimama, basi oga haraka. Choo hufyonza kwa hewa: kitambaa kimoja ukikitupa humo kinaweza kuziba vyoo vya wenzako pia.

Sasa hili nakusihi. Usiingie ngama, shimo la mizigo la meli, wala chumba chochote kilichokaa kimefungwa, hata mlango ukiukuta wazi. Chuma kinapopata kutu hula oksijeni ya humo ndani. Hewa hiyo haina harufu; mtu huanguka ghafla, na anayemkimbilia kumwokoa huanguka juu yake. Ukimwona mtu amelala humo, piga kelele uite maofisa, usishuke. Meli ikifungwa gatini, kaa mbali na kamba zake, maana ikikatika moja hurudi kwa nguvu ya kuua. Kwenda omo, yaani mbele ya meli, omba ruhusa kwanza, uvae viatu vilivyofunika vidole.

Mlio wa king'ora mara saba kwa ufupi, kisha mmoja mrefu, ni dharura. Vaa nguo nzito na viatu, chukua jaketi okozi, nenda mahali palipoandikwa kwenye kadi ya chumbani. Siku ya kwanza pita njia hiyo ukihesabu milango, ili uweze kuipita gizani.

Daktari hayumo, mara nyingi ofisa wa pili ndiye hutunza dawa. Beba zako za wiki mbili zaidi ya safari, kwani meli huchelewa. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na cheti chake kikae pamoja na pasipoti. Simu itakosa mtandao mkishaacha pwani, kwa hiyo nitumie ujumbe mkiwa bado mnaona Mombasa.

Mama yako