Rimoti ya gari ifunguliwe kwanza ndipo isemwe imekufa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wenye magari, na zaidi niseme na mafundi wenzangu. Kazi yangu ni umeme wa magari. Kinachonikera kuliko vyote siku hizi ni watu kununulishwa ufunguo mpya wakati walio nao ni mzima. Mtu anafika gereji, anasema rimoti haifungui milango, na kabla hajamaliza kueleza anaambiwa, "Hiyo imekufa, tafuta nyingine." Haijafunguliwa, haijapimwa, hakuna aliyeuliza ilianzaje.

Hivi karibuni nililetewa gari la mwalimu mmoja mstaafu, lile la kuwashia kitufe, likiwa limekokotwa. Alikotoka aliambiwa anahitaji ufunguo mpya pamoja na kifaa cha kupokelea mawimbi ndani ya gari. Nikamuuliza, "Mwalimu, betri ya rimoti ilibadilishwa lini?" Akasema majuzi tu, na tangu hapo ndipo shida ilipoanza. Nikaifungua mbele yake. Betri ilikuwa mpya kweli, lakini aliwekewa CR2016 mahali pa CR2032. Zote mbili zina kipenyo cha milimita 20, zote ni za volti 3, na ndiyo maana huchanganywa. Tofauti ni unene, na imeandikwa kwenye namba yenyewe: tarakimu mbili za mwisho ni milimita 1.6 kwa hiyo moja na 3.2 kwa nyingine. Ile nyembamba ilikuwa inacheza ndani, mara inagusa, mara haigusi. Aliyeiweka alikuwa pia amevikandamiza vile vibati vinavyoshika betri hadi vimelala kabisa. Nikaviinua kwa ncha ya kibano, nikaweka betri ya saizi yake, akabonyeza mwenyewe na milango ikafunguka. Akaniuliza, "Sasa hicho kifaa kingine nilichoambiwa ninunue kilikuwa cha kazi gani?" Swali hilo nawaachia waliomwambia.

Tena gari lile halikupaswa hata kukokotwa. Ndani ya ufunguo wa namna hii mna vitu viwili, na wengi hawajawahi kuelezwa. Kuna rimoti yenyewe, inayotumia betri kutuma mawimbi ya redio, mara nyingi kwenye megahezi 315 au 433 kulingana na soko ambalo gari lilitengenezewa. Halafu kuna chipu ya imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayozuia gari kuwaka bila ufunguo wake, nayo haihitaji betri. Yenyewe hupata nguvu kutoka kwenye koili iliyo kwenye swichi ya kuwashia au nyuma ya kitufe. Kwa hiyo betri ya rimoti ikiisha kabisa, gari bado linaweza kuwaka. Chomoa kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti, fungua mlango wa dereva (tundu lake wakati mwingine limefunikwa kwa plastiki kwenye kitasa), kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kisha bonyeza. Baadhi ya magari yana mahali pengine maalumu pa kuiweka, na kitabu cha gari kinapaonyesha. Alamu ikilia ulipofungua kwa chuma usiogope, kwa kawaida hunyamaza gari likishaitambua chipu.

Ndugu zangu, kabla ya kutoa hela yoyote, leteni ufunguo wa akiba. Ukifanya kazi, gari halina kosa, kosa liko kwenye ule mwingine. Zote mbili zikigoma kwa pamoja, ziacheni na mtazame gari: betri kubwa, fyuzi, mlango ambao haukujibana vizuri. Rimoti inayogoma mahali pamoja tu, hasa karibu na minara ya mawasiliano, huenda inazidiwa na mawimbi mengine, basi sogea nayo karibu na gari ujaribu tena. Inayokulazimisha kusogea karibu zaidi kila siku, hiyo ni betri inayochoka.

Kitufe kimoja kikigoma na vingine vinafanya kazi, msibadilishe betri, maana ni hiyo hiyo inayolisha vyote. Hapo tatizo ni mpira wa kitufe au swichi ndogo iliyo chini yake. Swichi hizo zimelehemewa kwa risasi kwenye saketi, na rimoti ikidondokadondoka, risasi hupasuka. Chukua lenzi, utaona ufa mwembamba kama unywele umezunguka mguu wa swichi. Mwenye mkono mtulivu anailehemu upya kwa muda mfupi sana, na ufunguo unaendelea miaka.

Kwa mafundi nasema hivi kuhusu mita: betri iliyochoka inaweza kuonyesha karibu volti 3 ikiwa juu ya meza, kisha ikaporomoka mara tu rimoti inapoanza kutuma mawimbi. Ipimeni ikiwa ndani, kitufe kimebonyezwa. Na baada ya kuweka betri mpya, msikimbilie kusema saketi imeungua. Msimbo unaotumwa hubadilika kila kitufe kinapobonyezwa, na gari linafuata hesabu hiyo hiyo. Mtoto akiichezea rimoti kutwa nzima mbali na gari, hesabu zao zinaweza kupishana. Magari mengi yana utaratibu wa kuzioanisha upya, nao hauhitaji kununua chochote.

Betri mliyoitoa msiiache mezani. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2, hata kama imechoka. Akiimeza, akimbizwe hospitali papo hapo, msisubiri itoke yenyewe.

Ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Fungueni rimoti mbele ya mwenye mali, mwonyesheni mlichopima na mlichokikuta. Ikibidi kweli anunue mpya, ule wa zamani mrudishieni mkononi, msiutupe kwenye pipa la gereji. Hata kama vitufe vyake havifanyi kazi tena, chipu iliyomo bado inatambulika na gari lake, na magari mengi husajili ufunguo mwingine kwa urahisi zaidi mwenye gari akiwa na hata mmoja unaotambulika. Asipokuwa nao, kazi huwa kubwa na gharama yake pia, na anayelipa ni yeye.

Wako,
Fundi umeme wa magari